Mkono Uliopanda na Mkono Ulioshuka

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya mwandiko wangu, au ndivyo alivyoniambia mwalimu mkuu aliyepeleka jina langu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nafundisha darasa la tano hapa Lamu mjini, na shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Mtafiti mmoja, mwanamke kutoka chuo kikuu cha bara, alitaka wenyeji wanane wa visiwa hivi, watu wanaojua kukaa na wazazi na kuzungumza nao, wamsaidie kujaza fomu. Tulimwita Daktari kwa kuwa ndicho cheo chake, na wiki ya kwanza akina mama walikuwa wakimsimamisha njiani kumwonyesha magoti yao.

Utafiti wake ulihusu jambo ambalo kwetu halisemwi: vijana wanaowafanyia jeuri wazazi wao. Si bangi, si kutoroka shule. Hayo yana mikutano yake na watu wameyazoea. Huu ulihusu mtoto wa miaka kumi na tatu hadi kumi na minane anayemtukana mama yake, anayemsukuma baba yake, anayevunja vyombo vya nyumba ili aogopwe. Daktari alitaka kujua jambo hilo lipo kwa kiasi gani, na linafuatana na nini: nani yumo nyumbani na nani hayumo, kazi ipo au haipo, nani humpiga nani.

"Jambo lisilopimwa," alituambia siku ya mafunzo, "kila mzazi hudhani liko kwake peke yake."

Nilipenda maneno hayo. Fomu yenyewe sikuipenda. Ilikuwa imetafsiriwa na mtu asiyewahi kuukanyaga mji wetu, na juu ya ukurasa wa kwanza iliandikwa "Uchokozi dhidi ya Mzazi." Mwenzetu mmoja kutoka Faza alicheka mpaka akavua miwani. "Uchokozi ni wa paka," alisema. "Mtoto akimpiga mamake mtasema amemchokoza?" Daktari hakukasirika. Alisema kila mmoja aichukue fomu nyumbani, aisome kwa sauti mbele ya mtu mzima, na kesho arudi na makosa.

Mtu mzima wangu alikuwa mama yangu. Tulikuwa tukiishi naye Wiyoni, mimi, mume wangu na binti yetu. Mama hakusoma skuli hata siku moja, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini amewasomesha wasichana wadogo Kurani katika chumba cha mbele, na hakuna herufi inayopita vibaya masikioni mwake. Jioni ile wanafunzi walikuwa wamekwisha kwenda. Alikuwa amekaa mkekani na uteo wa mchele mapajani, anachagua mawe.

"Soma," akasema.

Nikasoma: "Je, katika miezi sita iliyopita, mtoto wako amewahi kukujibu?"

Mama aliinua uso. "Asiponijibu nitayuaje kama yu hai?"

"Wanakusudia kujibu kwa ubaya."

"Basi waseme. Waulize kama hukurudishia maneno."

Nikaandika. Swali lililofuata liliuliza kama mtoto amewahi kumwangalia mzazi kwa namna ya kumtisha. Mama alisema hakuna mama wa Amu, ndivyo tuitavyo Lamu, anayezungumza hivyo. "Kukutolea mato. Andika hivyo, kila mtu atafahamu." Kisha akaniuliza mbona hawakuuliza juu ya kusonya, na mbona hawakuuliza juu ya kubamiza mlango, kwa sababu jeuri haianzi kwenye ngumi. Alinipangia ngazi nzima hapo hapo, huku vidole vyake vikiendelea na mchele: kwanza msonyo, kisha maneno ya kurudishwa, kisha mato, kisha mlango, kisha kuvunjwa kwa chombo.

Nikafika kwenye swali la mtoto aliyewahi kumpiga mzazi au kutishia kumpiga. Mama aliuweka uteo chini.

"Hapo mumetia samaki wawili kwenye kikapu kimoja," alisema. "Kuna mkono uliopanda, na kuna mkono ulioshuka. Mkono ukipanda ukasita, mtoto yule bado anamuona mamake pale alipo. Ukishuka, ni jambo jingine. Ukimuuliza mama yote mawili kwa mara moja, atakwambia hapana. Atachelea ule uliopanda usiandikwe kuwa ulishuka."

Niliandika kila neno. Nilidhani amemaliza, akaniuliza, "Na mema mumeyatia wapi?"

"Mema gani?"

"Mumeuliza mara ngapi amenisukuma. Hamukuuliza mara ngapi amenitekea maji, wala mara ngapi amenitekesha nikashika mbavu. Mimi ukinijia na mabaya ya mwanangu matupu, nitayafunika yote. Ni wangu."

Kesho yake niliyapeleka yote kwa Daktari. Nilikuwa na wasiwasi, maana fomu ile ilikuwa imetumika mahali pengi, na alikwisha kutueleza kwamba ukibadilisha maswali huwezi tena kulinganisha majibu ya huku na ya kule. Alisoma karatasi yangu mara mbili. Akaniuliza nimeyapata wapi. Nilipomwambia, alifungua kompyuta yake na kuanza kupanga upya. Swali la kupiga na kutishia lilipasuliwa mawili. Jeuri ikachukua mahali pa uchokozi. Maswali matatu ya mema yakawekwa mwanzo kabisa, kabla ya yote, ingawa alisema hayo atayahesabu kando.

"Mwambie mama yako," alisema, "kwamba nimesomea kutunga maswali kwa miaka mingi, na hili la mikono miwili halikunijia."

Nilikwenda nyumbani nikitembea kama niliyevikwa shada la asmini. Mama aliposikia alisema tu, "Haya," lakini jioni ile nilimsikia akimsimulia jirani dirishani, na si mara moja.

Kabla ya kwenda vijijini ilitubidi tujaribu fomu mpya, kila mmoja na mtu mzima wa nyumbani kwake. Fomu hizo za majaribio zisingehesabiwa. Nilimkalisha mama chumba cha mbele asubuhi ya Jumamosi, binti yangu akiwa ametumwa dukani, nikamsomea maelezo yote kama tulivyofunzwa: kwamba ana hiari, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba jina lake halitaandikwa. Alisikiliza kwa adabu kama mgeni.

"Sasa hivi huna mtoto wa umri huo," nilimwambia. "Lakini kwa kuwa ni majaribio, chagua mtoto uliyemlea, umjibie kama alivyokuwa wakati ule."

Nilikuwa na hakika atamchagua ndugu yangu mdogo. Huyo alikuwa mtundu wa kupigiwa mfano, na sasa ni nahodha wa mashua za wageni kule Ras Kitau, mtu mzima mwenye ndevu, na bado visa vyake vya utoto huchekesha watu.

"Nitakujibia wewe," mama akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaanza na mema, akayataja mengi kuliko nafasi iliyokuwepo: kwamba nilikuwa namwosha nyanya miguu, kwamba nilikuwa namsomea barua. Tukaja kwenye msonyo. Ndiyo. Maneno ya kurudishwa. Ndiyo, na makali. Mlango. Ndiyo. Kalamu yangu ilikuwa inakwenda polepole sasa, kwa kuwa nilikuwa najua tunakokwenda, na nilikuwa najua kwamba naye anajua.

"Je, mkono wake uliwahi kupanda?"

"Ulipanda."

"Je," nikasema, "uliwahi kushuka?"

"Mara moja," akasema mama. "Siku ya ngazi."

Sasa ni lazima nieleze siku ya ngazi, ambayo kwa miaka kumi na minane hatukuwahi kuitaja ndani ya nyumba ile.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwaka mmoja nyuma, baba alikwenda Mombasa kutafuta kazi, na badala ya kurudi ikaja habari kwamba ameoa huko. Mama hakulia mbele yetu. Alinyamaza, na kila kilichokuwa ndani yake kikatoka kwa mkono. Nilipigwa kwa chai iliyomwagika, nilipigwa kwa kuchelewa, nilipigwa kwa kucheka. Katikati ya hayo skuli ikanichagua niende Mombasa kwenye mashindano ya kughani mashairi. Nilikuwa sijawahi kuchaguliwa kwa lolote. Mama alisema sitakwenda. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwa sababu amesema. Nilimfuata ngazini, alikuwa anapanda na beseni la nguo kwenda kuanika juu ya dari, nikamuuliza tena. Akageuka, akanyoosha kidole usoni mwangu. Nilimsukuma kwa mikono miwili.

Hakuanguka mbali, vipago vinne vya ngazi tu. Lakini aliangukia kiganja, na nikausikia mfupa. Majirani walipoingia na kumkuta chini na nguo zimemfunika, aliwaambia mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, kwamba vipago vilikuwa na maji na ameteleza. Nami nikanyamaza. Nilimfulia miezi mitatu, nilimsuka nywele, nilimlisha mkono ulipokuwa kwenye plasta, na watu wote wa mtaa wakanisifu kwa utiifu wangu. Hakuna adhabu iliyowahi kunichoma kama sifa zile.

Hayo yote yalipita kichwani mwangu kalamu ikiwa hewani. Matozi, kama anavyoyaita mama, yakaanza kudondoka karatasini.

"Pangusa uso uandike," akasema. "Karatasi si yako hiyo."

Nikaandika. Sehemu ya mwisho ya fomu ndiyo ile ya hali ya nyumba. Nikamuuliza kama baba alikuwa nyumbani kipindi hicho. La. Kama kulikuwa na mgonjwa wa kulelewa. Ndiyo, nyanya. Kama yeye mwenyewe alikuwa na mtu wa kumweleza mashaka yake. La, hata mmoja. Kisha swali la mwisho, nikalisoma bila kuinua kichwa: "Wakati huo, kulikuwa na mtu humu nyumbani aliyekuwa akimpiga mwingine?"

"Mimi," akasema mama. "Andika mimi. Nilikuwa nakupiga kwa jambo lisilo lako. Mombasa sikukukataza kwa sababu yako. Nilichelea utamuona babako huko, na utampenda."

Nje watoto walikuwa wakipita wakiimba.

"Mbona hukunisema, mama? Miaka yote hii?"

"Nilikusema kwa Mola. Watu nikawaacha."

"Na radhi yako je?"

Alinitazama kama ninavyomwona akimtazama mwanafunzi anayesahau aya aliyoihifadhi zamani. "Radhi unayo toka siku ile ile, mwanangu. Ni wewe tu hukuuliza."

Tangu hapo nimesikia watu wakieleza fahari kwa mambo mengi: nyumba, shahada, safari ya Hija. Mimi yangu ni hii, kwamba mama yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanamke anayeheshimiwa kutoka Langoni mpaka Wiyoni, alikaa mbele ya fomu na kujiandikisha mwenyewe katika safu ya wanaopiga, kwa kuwa swali lilikuwa la haki na jibu lilikuwa hilo. Na alifanya hivyo asubuhi, akiwa mzima, bila kulazimishwa na mtu.

Wiki iliyofuata tulitawanyika. Mimi nilipangiwa Mbwajumali, kisiwani Pate. Nilishukia Mtangawanda na chombo cha abiria cha asubuhi, nikamalizia na bodaboda, mkoba wa fomu kifuani, na vumbi likanibadilisha rangi kabla sijafika. Nilikaa huko siku tisa kwa wenyeji wangu. Mengi niliyoyasikia sitayaandika hapa wala popote, maana niliahidi. Nitaandika habari ya nyumba moja tu, kwa sababu mama wa nyumba hiyo aliniruhusu mwenyewe baadaye, akaniambia, "Hadithia, wengine wasikie."

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mkulima wa ufuta, mume wake huwa baharini wiki nzima na siku za kupumzika hulala. Alinipokea vizuri, akaniletea uji wa mtama. Maswali ya mema aliyajibu akitabasamu: binti yake wa miaka kumi na sita ndiye humsomea ujumbe wa simu, ndiye hubeba ndoo mbili wakati yeye hubeba moja. Tulipofika kwenye msonyo alitabasamu bado. Kwenye mlango, tabasamu likaisha. Kwenye mkono uliopanda akatazama uani ambako binti alikuwa anapasua kuni.

"Dada," akaniuliza, "nani aliyeandika swali hili?"

"Mama mmoja wa Wiyoni."

"Naye alipata kuonewa?"

"Alipata."

Akavuta mtandio wake nyuma kidogo. Kando ya sikio palikuwa na kovu jipya, la mwiko. "Ulishuka," akasema. "Mara tatu. Wewe ni wa kwanza kuambiwa."

Kisha ilikuwa zamu ya binti, maana vijana nao walikuwa na fomu yao, kando, kwa idhini ya mama na yake mwenyewe. Tulikaa nyuma ya nyumba. Alijibu yote haraka haraka, ndiyo na la, kama anayetupa mawe, mpaka tulipofika kwenye maswali ya mikono. Hapo akakaza uso.

"Mwalimu, wewe uliwahi kumpiga mamako?"

Kanuni ilikuwa wazi. Anayeuliza haulizwi, akiulizwa, hurudisha swali kwa upole. Daktari alikuwa ametufundisha hata maneno ya kutumia, na sababu yake ni nzuri, kwa kuwa jibu lako litavuta jibu la mwenzio. Nilifungua mdomo niseme maneno yale, nikamwona yule msichana jinsi alivyokuwa ananitazama. Alikuwa na hakika kabisa kwamba yeye ndiye binti mbaya peke yake aliyewahi kuumbwa.

"Nilimsukuma kwenye ngazi," nikamwambia. "Nikamvunja mkono. Nilikuwa na umri wako."

Hakupepesa macho. "Na hukulaaniwa?"

"Nilikuwa nadhani nimelaaniwa. Miaka kumi na minane. Kumbe nilipaswa kuuliza tu."

Alilia kwa namna ya watu wasiozoea kulia, kwa hasira. Akanieleza kwamba baba humpiga mama, na mama humpiga yeye kwa ajili hiyo, na yeye akiona mama hamrudishii baba, humchukia mama badala ya baba, na hajui kwa nini. Alikuwa ameyaeleza, kwa dakika mbili, yale ambayo sehemu ya mwisho ya fomu ilikuwa inayatafuta kwa kurasa mbili. Nilimpa karatasi yenye namba ya mshauri kama tulivyoagizwa, na nikamuuliza kama anataka nimwite mama yake. Akafikiri, akasema ndiyo. Nikawaacha wakiwa wamekaa bega kwa bega juu ya gogo.

Niliporudi mjini nilimweleza Daktari nilichofanya. Sikutaka agundue mwenyewe. Alisikiliza, kisha akaichukua fomu ya yule msichana na kuchora mstari juu yake, pembe hadi pembe.

"Hii haihesabiwi," alisema. "Unaelewa kwa nini?"

"Naelewa."

"Ungekuwa umenificha, ningetupa zako zote." Aliikunja, akaitia kwenye bahasha ya zilizoharibika. "Kama mtafiti umekosea. Siwezi kukusifu." Na akisukuma bahasha kando: "Ningekuwa mama wa mtoto yule, ningekushukuru."

Yule mama alikuja Lamu miezi michache baadaye kwa ajili ya kliniki, akanitafuta mpaka shuleni. Binti yake alikuwa amembebea mkoba. Nikamuuliza hali, naye akajibu mbele ya binti mwenyewe, akicheka, "Kusonya bado yuwasonya. Lakini mkono haujapanda tena, na mimi wangu nimeuteremsha." Juu ya mume hakusema neno, nami sikumuuliza.

Mwisho wa kazi kulikuwa na mkutano wa kuwarudishia wazazi habari. Daktari alitaka hivyo: watu waliotoa majibu wasikie kilichopatikana. Ulifanyika asubuhi katika ukumbi wa skuli moja hapa mjini, akina mama upande mmoja, akina baba upande mwingine, na walikuja wengi kuliko viti. Mama alikaa safu ya pili, na buibui lake jipya. Daktari aliniomba nisome mimi, kwa Kiswahili chetu.

Nilisoma kwamba jambo hili lipo, mjini na vijijini, kwa wenye nacho na wasio nacho. Kwamba mara nyingi anayepokea ni mama. Kwamba kijana mwenye mtu mzima mmoja wa kumsikiliza alikuwa mpole zaidi. Na kwamba katika nyumba ambazo mkono wa mtoto ulishuka, mara nyingi kulikuwa na mkono mwingine ulioshuka kwanza, na mara nyingi ulikuwa wa baba. Kabla sijamaliza, bwana mmoja mwenye kanzu nyeupe, mwalimu wa dini anayesikilizwa sana, akasimama.

"Bi mwalimu, kwa heshima yako," alisema. "Haya ni mambo ya nti za watu, za ng'ambo. Hapa Amu mtoto anajua pepo i wapi, nyayoni mwa mamake. Mukiyasoma haya mbele ya watu munatuaibisha, na munawafunza watoto wasilolijua."

Minong'ono ikapita ukumbini. Nilimtazama Daktari, naye akanitazama mimi. Na kabla yeyote kati yetu hajajibu, mama akasimama. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya wanaume katika maisha yake, isipokuwa kukohoa.

"Ustadhi," akasema, na sauti yake ya kusomeshea ikafika ukutani, "wanao wawili nimewasomesha mimi alifu na be. Unaniyua."

"Nakuyua, Bi. Mwalimu wetu."

"Basi sikiliza. Huyu asomaye ni mwanangu. Alipokuwa na miaka kumi na sita alinisukuma ngazini nikavundika mkono. Nami nilikuwa nampiga kabla ya siku ile, mwaka mzima. Nikawadanganya watu wote humu kwamba nimeteleza." Baadhi ya akina mama waliziba midomo, walikuwa miongoni mwa waliodanganywa. "Mtoto yule ni huyu mumuonaye. Yuwasomesha wana wenu. Aibu i wapi? Aibu ilikuwa pale nilipokuwa peke yangu."

Akakaa. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaweka mkono begani mwake, kisha mwingine akasimama upande ule ule, akasema, "Hata mimi." Halafu wa tatu. Yule Ustadhi alibaki amesimama, anautazama mkono wake kana kwamba hajui auweke wapi. Alipokuja kusema tena, aliomba apewe nakala moja ya maswali. Ijumaa mbili baadaye mume wangu alirudi kutoka msikitini akaniambia kuwa darasa la yule Ustadhi lilikuwa juu ya baba anayemdhili mama mbele ya watoto, na kwamba watu walitoka wameinamisha vichwa.

Lakini siku ile ya mkutano sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nilimaliza kusoma, na kwamba Daktari alikwenda kumbusu mama mkono mbele ya watu wote. Baadaye tulirudi Wiyoni kwa miguu, mama na mimi, polepole kwa sababu ya jua. Kila baada ya nyumba chache mtu alimsimamisha kumwamkua kwa taadhima zaidi kuliko jana. Nilikuwa nangojea aniambie neno. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na mtoto, na nilikuwa nangojea kama msichana wa chuo.

Tulipokaribia mlango ndipo aliponigeukia.

"Umesoma vyema," akasema. "Lakini ulipofika pale pa baba ulikwenda mbio. Siku nyingine usende mbio. Pale ndipo pa kutua."